Pande Mbili za Meza ya Kibali: Mwongozo kwa Anayetaka Kuongoza Sanaa Mjini

Kabla hujauliza usome chuo gani, amua kwanza unataka kukaa upande gani wa meza ya kibali. Upande mmoja yupo afisa: ana muhuri, ana kanuni, na ana bosi atakayemuuliza kesho kwa nini ngoma ilikesha mtaani mpaka majirani wakaenda kulalamika. Upande wa pili yupo mwenye kikundi au mwandaaji wa tamasha, ameshika barua iliyosainiwa na mwenyekiti wa mtaa, turubai ameshalilipia nusu, na simu yake haitulii kwa wasanii wanaotaka kujua kama shughuli ipo au haipo. Uongozi wa sanaa katika mkoa wa Dar es Salaam hufanyika kwenye meza hiyo kuliko jukwaani. Ushauri wangu ni kwamba ujifunze pande zote mbili kabla hujachagua wako, na ujifunzie hapa hapa katikati ya mji, kati ya Magogoni na Kariakoo, ambako karibu kila unachohitaji kukiona unaweza kukifikia kwa miguu.

Upande wa muhuri

Ajira ya serikali inayohusika moja kwa moja ni ya Afisa Utamaduni. Unaanzia Daraja la II ukiwa na shahada ya sanaa, utamaduni, Kiswahili au fani inayokaribiana nazo, na matangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hufanyika mtandaoni. Soma masharti mstari kwa mstari, maana wengi huangukia mlangoni kwa vitu vidogo: nakala ya cheti ambayo wakili hajaigongea muhuri, barua isiyosainiwa, hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, au jina la cheti lisilolingana na la kitambulisho cha taifa. Umri usizidi miaka 45. Nafasi huwa chache, kwa hiyo muda wa kusubiri tangazo ndio wa kufanya yale yaliyomo katika sehemu zinazofuata.

Ukipata, utapangiwa halmashauri. Kariakoo, Gerezani, Kisutu, Kivukoni na Upanga zote zimo katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Kitengo chako kitabeba utamaduni, sanaa na michezo kwa pamoja, na hapo kuna jambo ambalo darasani huambiwi: michezo hula muda na fedha. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yana ratiba, yana wanafunzi wa kusafirisha na kulisha, yana matokeo yatakayoulizwa mkoani. Sanaa haina tarehe inayombana mtu, ndiyo maana kila fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kusogezwa. Ukitaka ibaki, iandike kwenye mpango kazi ikiwa na tarehe yake, kiasi chake na jina la mtu atakayeulizwa. Maneno kama "kuendeleza sanaa za jadi" yasiyo na tarehe wala shilingi hayajawahi kumzuia mweka hazina yeyote.

Kisha kuna ugeni. Simu huingia jioni: kesho kiongozi anakuja kuzindua mradi, tafuta kikundi cha ngoma. Au Mwenge wa Uhuru unapita. Afisa asiye na daftari la vikundi huokota walio karibu, huwaahidi posho ambayo hajui itatoka fungu gani, na baada ya wiki mbili amekuwa mtu wa kukwepa simu. Mwenye daftari anajua kikundi kina watu wangapi, kiongozi wao ni nani, wanahitaji gari la ukubwa gani, ngoma zao zinapashwa moto kwa muda gani kabla ya kupigwa, na mara ya mwisho walilipwa lini na nani. Daftari hilo unaweza kulianza leo, hata kama huna ajira. Kwenye usaili wa mahojiano, mtu anayeweza kutaja vikundi vya kata yake na matatizo yao humpita kwa mbali anayekariri maana ya utamaduni.

Sheria za kuzijua si nyingi: Sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) Na. 23 ya 1984, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki, pamoja na Sera ya Utamaduni ya 1997. Zisome zenyewe, na marekebisho yake. Muhtasari wa semina hautakusaidia siku mwenye ukumbi akikubishia mbele ya watu.

Kutoka Feri hadi Kariakoo

Anzia Magogoni. Watu huijua kwa Ikulu, pantoni ya Kigamboni na soko la samaki, lakini pia ipo kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, wanakofundishwa watunza kumbukumbu na makatibu wa ofisi. Wasanii hupita getini bila kugeuza shingo. Mimi naona kozi ya utunzaji wa kumbukumbu ingewafaa wasimamizi wetu wa sanaa kuliko warsha nyingi za uongozi zinazofanyika hotelini. Vikundi vingi vya mjini vimekufa huku vikiwa na vipaji tele. Kilichokosekana ni faili. Hakuna aliyejua mkataba wa ukumbi uko wapi, katiba ya kikundi ilisajiliwa kwa jina gani, wala nani ana namba ya siri ya akaunti.

Fuata Barabara ya Sokoine mpaka Boma la Kale, jengo la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid. Ndani yake kipo kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, DARCH, kilichofunguliwa 2017. Ukiingia, usiangalie picha za ukutani peke yake. Jiulize jengo kama hili linagharimu kiasi gani kwa mwezi kulinda, kupaka chokaa na kulipia umeme, na fedha hizo hutoka wapi kwa mwaka ambao hakuna mradi. Kila kituo cha sanaa utakachowahi kukiongoza kitakuuliza swali hilo.

Kutoka hapo si mbali na Mtaa wa Shaaban Robert, yalipo Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Makumbusho haya yalifunguliwa 1940, na siku hizi yana pia ukumbi wa maonyesho. Peleka barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo au kujitolea. Wengi wakikubaliwa hutaka kutembeza wageni. Wewe omba ukae na anayepanga matumizi ya ukumbi. Hapo utajifunza kwa nini shughuli mbili haziwezi kufuatana siku moja bila saa kadhaa za kupanga vyombo, na jinsi ya kumwambia mtu mzito, kwa adabu, kwamba tarehe anayoitaka imeshachukuliwa.

Ukifika Mnazi Mmoja, jirani na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tulia kidogo na habari za mwenye jina hilo, maana sijaona somo la uongozi wa sanaa mjini linalolipita lake. Kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kikiwa na upungufu mkubwa wa wanawake. Mwaka 1955 yeye aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma vya kina mama wa Dar es Salaam, vya lelemama na vinginevyo, na kupitia kwao chama kikapata maelfu ya wanachama wanawake ndani ya miezi michache. Hakupita nyumba kwa nyumba akianza upya. Alikwenda kwa watu ambao tayari walikuwa wakiitisha mikutano, wakikusanya michango, wakishonesha sare na kutunza fedha za wenzao bila ugomvi.

Watu wa namna hiyo hawajaisha. Katika kata yako yupo somo anayeheshimiwa kwenye shughuli za kina mama, yupo ustadhi anayefundisha watoto dufu na kasida, yupo mwalimu wa kwaya, yupo mwenye seti ya mchiriku ambaye vijana humsikiliza kuliko diwani. Waendee, shikamoo kwanza, na siku ya kwanza usiombe kitu. Uliza wanafanyaje mazoezi, wapi, na nini kinawasumbua. Ukirudi mara ya pili na jibu la shida moja tu, hata ndogo, mfano umewapatia darasa la shule ya msingi la kufanyia mazoezi Jumamosi, umeanza kazi.

Kariakoo yenyewe haiishi siku moja. Soko kuu, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, na tangu hapo mazungumzo mengi ya Kariakoo yamekuwa ya majengo na vizimba. Lakini mitaa hii ilikuwa pia ya dansi na taarabu. Chukua bendi mbili: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanza 1978 na baadaye kuchukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Kwa miaka mingi bendi za aina hii vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mwanamuziki akihama, anaondoka na sauti yake; magitaa yanabaki. Mpangilio huo ulizipa bendi umri mrefu, na pia ulimfanya mpiga gitaa mahiri azeeke bila hata kamba moja iliyo yake. Ukikutana na kikundi chochote, swali lako la kwanza liwe hili: vyombo ni vya nani? Jibu litakuonyesha nani hasa anaongoza, hata kama kwenye katiba jina la mwenyekiti ni la mwingine.

Chunguza pia mapatano ya zamani kati ya bendi na mwenye ukumbi: mlango ni wa bendi, baa ni ya mwenye ukumbi. Yanaonekana ya haki mpaka siku ya mvua, wateja ishirini wakanywa vizuri na bendi ikagawana nauli. Msimamizi anayeijua biashara huomba kiwango cha chini cha malipo kwanza, ndipo wagawane kinachozidi. Na zile fedha za kutunza, zinazobandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji wa taarabu, kubalianeni mapema kama ni za mwimbaji au za kundi zima. Nimeona makundi yakivunjika kwa noti hizo kuliko kwa jambo lolote la kisanaa.

Halafu kuna wenye maduka. Waandaaji wapya hupeleka barua za udhamini kwa kampuni kubwa na kukaa miezi wakisubiri majibu, wakati mtaa wa pili mtu anauza maspika, mwingine vitenge, mwingine viti vya plastiki na maturubai. Mfanyabiashara wa Kariakoo mara nyingi hatatoa fedha taslimu, ila atakukopesha vyombo siku moja ukimweka jina kwenye bango, au atakupunguzia vitambaa vya sare ukichukua doti nyingi. Nenda asubuhi kabla duka halijajaa. Usimpelekee maelezo ya kurasa kumi na mbili. Mpelekee karatasi moja yenye tarehe, mahali, idadi ya watu unaowatarajia na kitu kimoja unachokiomba. Baada ya shughuli rudisha vyombo siku hiyo hiyo vikiwa vimefutwa vumbi. Mwaka unaofuata yeye ndiye atakayekuuliza.

Andaa moja, ndogo

Hakuna atakayekuamini na tamasha la siku tatu kabla hujaandaa jioni moja. Chagua kitu kidogo: usiku wa mashairi na taarabu kwenye ukumbi wa kata, vikundi vinne, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne.

Vibali hupanda ngazi kutoka chini. Anza na mtendaji wa mtaa akupe barua ya utambulisho, pitia kata, nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, hakikisha BASATA inakutambua na una kibali chake cha onyesho, kisha polisi wapate taarifa mapema. Kama utapiga nyimbo za watu, shughulikia leseni ya hakimiliki. Ukiruka ngazi ukaanzia juu, utarudishwa chini kwa hasira. Malipo yoyote ya serikali yafanye kwa kontroli namba. Anayekuomba umpe mkononi "ili iende haraka" hana risiti ya kukupa siku ukikaguliwa. Kila barua toa nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa.

Bajeti ndogo hukosewa mahali pasipotarajiwa. Watu hukumbuka ukumbi, fundi mitambo na mshereheshaji, wakasahau namna vyombo vitakavyofika. Mchana, kirikuu lililobeba maspika haliingii Mtaa wa Kongo. Wamachinga wamejaa mpaka katikati ya barabara. Ama vyombo viingie alfajiri na uwe na mlinzi wa kukaa navyo kutwa, ama ukodi guta kutoka Msimbazi na wapagazi wawili, na vyote viwili ni gharama ambayo haikuwa kwenye karatasi. Ongeza mafuta ya jenereta hata kama umeme upo. Ongeza maji na chakula cha wasanii, kwa sababu mpiga kinanda aliyeshinda na njaa hupiga kama aliyeshinda na njaa. Fungu la "mengineyo" lisizidi sehemu ndogo. Likiwa kubwa, msomaji wa bajeti anajua hukufikiri.

Wasanii wape mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: saa ya kufika, muda wa kupiga, kiasi, lini na kwa njia gani. Walipe usiku huo huo au asubuhi yake kwa simu, wasaini orodha. Kama mlipaji ni shirika au halmashauri, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio na risiti ya mashine, vinginevyo msanii ataona amekatwa na kudhani wewe ndiye uliyekata.

Chuo, na watu wa kuwaangalia

Sasa swali la chuo lina maana. Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam itakupa nadharia, utafiti na shahada inayotambulika kwenye matangazo ya ajira. TaSUBa, iliyotokana na Chuo cha Sanaa Bagamoyo cha mwaka 1981, ni ya mikono na jukwaa, na tamasha lake la kila mwaka ni mahali pazuri pa kujitolea nyuma ya pazia. Tumaini Makumira kule Arusha wana shahada ya muziki. Popote utakaposoma, ongeza uhasibu wa msingi. Msanii anayeweza kusoma taarifa ya benki na kuilinganisha na risiti hatakosa kazi mji huu.

Kuhusu watu: Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya kazi ya sanaa za maonyesho na wanavijiji, akaandika kitabu juu ya utamaduni na maendeleo kilichotoka 1991, akaongoza FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao Nairobi, na aliwahi kuwa mwenyekiti wa BASATA. Dk. Kedmon Mapana alikuwa mhadhiri wa muziki huku akiendesha tamasha la muziki wa Wagogo katika kijiji cha Nzali, Chamwino. Mwaka 2022 akateuliwa Katibu Mtendaji wa BASATA. Aliyewahi kuwatafutia wanakijiji maji ya kunywa siku ya tamasha hukaa tofauti kwenye kiti cha kutoa vibali.

Fedha

Wafadhili wa nje wamejenga mengi, na wameondoka na mengi. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004 na kujulikana dunia nzima, haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, kisha ikarudi 2017. Kama tamasha la jina lile linaweza kukosa mwaka, kikundi chako chenye mfadhili mmoja kisijione salama. Upanga pana vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa vinavyopokea mapendekezo. Yaandike, lakini usijenge ofisi juu yake.

Ndani ya nchi upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo, na ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya sanaa vilivyosajiliwa vinaweza kuomba. Tahadhari tu kwamba ni mkopo. Usikope kwa ajili ya onyesho. Kopa kwa kitu kinachokodishwa siku ambazo nyinyi hampigi: spika, taa, mavazi, mashine ya kushona sare.

Na iangalie kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, na tangu UNESCO ilipoamua mwaka 2021 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mtu Mnazi Mmoja na Kariakoo atataka kufanya kitu wiki hiyo, na ni wiki ambayo mafungu mapya ya halmashauri mara nyingi bado hayajafunguka. Ukitaka shughuli ya Julai, fedha zake zitafute kwenye mwaka unaoisha Juni, au kwa wenye maduka. Ukitaka halmashauri ikuweke kwenye mpango wake wa mwaka unaofuata, barua ifike kwa Afisa Utamaduni ifikapo Novemba, wakati makadirio yanaandaliwa, ikiwa na bajeti ya ukurasa mmoja na picha mbili za shughuli uliyokwisha kuifanya. Barua ya Mei atakupokelea kwa heshima, atakuketisha, na hataweza kukufanyia chochote.